Tupatane Kwanza, Ndipo Tufundishe: Wanafunzi Katika Utafiti wa Elimu ya Afya

Somo hili tumewaandikia viongozi wa kamati za wakimbizi wa ndani, familia zinazowapokea, walimu, wauguzi na vijana wa shule katika miji ya Butembo na Beni na vijiji vinavyoizunguka. Linafaa kusomwa katika kikundi, sehemu moja kwa siku moja, kisha kujadiliwa.

Baada ya somo hili kikundi kitaweza:

- kueleza utafiti wa mapatano ni nini na unatofautiana vipi na mkutano wa kawaida;
- kuwaandaa wanafunzi kuufanya kwa usalama;
- kutambua kama mapatano yaliyopatikana ni ya wote au ni ya upande mmoja tu;
- kuyageuza mapatano hayo kuwa mafundisho ya afya ambayo watu watayakubali.

Yaliyotupata Beni na Butembo

Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, karibu na Beni. Ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katika muda huo watu 3,470 walihesabiwa kuwa waliugua, na 2,287 kati yao walifariki. Kwa ukubwa ulikuwa mlipuko wa pili duniani, baada ya ule wa Afrika Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016.

Lakini safari hii dawa ya chanjo ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Magari yalikuwapo, waganga walikuwapo, na redio zilitangaza kila siku. Kilichokosekana mwanzoni ni kuaminiana. Mnamo Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Karibu mtu mmoja katika kila wanne alisema kwamba Ebola haipo. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea faida ya wananchi.

Hatushangai. Watu wa Beni walikuwa wakizika waliouawa tangu Oktoba 2014, na wengi walijiuliza kwa nini dunia iliyochelewa kuwalinda na mapanga imefika haraka kwa ajili ya homa. Mwezi Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa hadi Machi 2019, na Ebola ikatajwa kuwa moja ya sababu. Siku iliyofuata tangazo hilo, waandamanaji walivamia kituo cha wagonjwa mjini Beni. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019, Dokta Richard Mouzoko, mganga kutoka Kameruni, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Mitaani watu walizungumza juu ya "biashara ya Ebola".

Mafundisho yaliyotolewa wakati ule hayakuwa ya uongo. Lakini mengi yalifika yakiwa tayari yameandikwa kwingine, na mwananchi alibaki na kazi moja tu, ya kusikiliza. Hakuulizwa anaogopa nini kwanza, wala angependa kufundishwa na nani.

Pale watu walipoulizwa, kazi ilibadilika. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika maswali, uvumi na malalamiko, na yale waliyoyaandika yalipelekwa kwa wakubwa wa kazi. Tangu mwaka 2018 mjini Beni vilianza kutumika vyumba vyenye kuta za plastiki inayoonyesha ndani, ili familia imwone mgonjwa wake na kuongea naye. Familia inayomwona mgonjwa wake akinywa uji haitaamini kwa urahisi kwamba anaibiwa viungo vya mwili.

Watafiti wa kwetu nao walifanya kazi. Wale wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, walishiriki katika kuandika juu ya upinzani wa wananchi dhidi ya kazi ya Ebola, na baadaye juu ya kuzuia COVID-19 katika kambi za wakimbizi wa ndani, mahali ambapo kuambiwa "mkae mbalimbali" ni vigumu kutekeleza. Hivyo hatuanzi bila kitu. Tunao vyuo, tunazo shule, na tunao vijana wanaojua Kinande, Kiswahili na Kifaransa.

Utafiti wa mapatano ni nini?

Ni njia ya kuuliza kundi moja la watu maswali yaleyale zaidi ya mara moja, na kila mara kuwarudishia majibu ya wote, hadi ionekane wanapatana wapi na wanatofautiana wapi. Wataalamu huiita njia ya Delphi. Ilianza Marekani katika miaka ya 1950, katika shirika la utafiti la RAND, kwa mambo ya kijeshi. Leo inatumiwa sana katika mambo ya afya na elimu.

Ina nguzo nne:

1. Kila mtu anajibu peke yake, na jina lake halitajwi mbele ya wengine.
2. Kunakuwa na duru mbili au tatu za maswali.
3. Kati ya duru na duru, watu wanapewa majibu ya kundi lote pamoja na sababu zake.
4. Kila mtu ana ruhusa ya kubadili jibu lake, au kulishikilia.

Mtu atauliza: je, hatuna barza? Wazee wetu walikaa pamoja na kusikilizana hadi neno likaiva. Ndiyo, na hatutaki kuiacha. Lakini tunajua pia jinsi barza inavyokwenda siku hizi. Mzee akisema kwanza, kijana anafunga kinywa. Shefu wa mtaa akiwapo, mama aliyekimbia vita hasemi kwamba chemchemi ya mtaa ule inamtoza pesa. Mgeni anayelala katika nyumba ya mwenyeji hawezi kumpinga mwenyeji wake mbele ya watu. Tunatoka pale tukisema "tumepatana", na kumbe watu wamenyamaza tu.

Karatasi isiyo na jina inampa mnyonge nafasi ya kusema. Barza inafuata baadaye, ikiwa na neno la kila mtu mezani.

Kwa nini wanafunzi?

Kwanza, wanafunzi wanaingia nyumba zote. Katika darasa moja la Butembo au Beni hukaa mtoto wa mwenyeji na mtoto aliyekimbia kutoka Eringeti, Kamango au Lubero. Jioni kila mmoja anarudi kwake, na yale aliyojifunza anarudi nayo.

Pili, wanajua kusoma na kuandika, na wanaweza kumwandikia mama asiyejua kuandika bila kumwaibisha.

Tatu, vijana wa kwetu tayari wanasema. Mnamo Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walikaa siku kadhaa mbele ya ofisi ya meya wakidai amani. Kijana anayeweza kukesha akidai amani anaweza pia kupewa kazi ya kutafuta mapatano.

Nne, kuna faida kwa wanafunzi wenyewe. Anayesoma uuguzi au ualimu akijifunza leo kusikiliza kabla ya kufundisha, kesho hatakuwa mganga wa kufokea wagonjwa.

Lakini wanafunzi wasitumwe kama mizigo ya chukudu, wakipelekwa popote tu. Wanashiriki tangu mwanzo katika kuchagua maswali, na mwishoni wanakuwapo wakati wa kuamua. Mwanafunzi anayepelekwa kukusanya karatasi tu, asiambiwe zimeenda wapi, tumemtumia na hatukumshirikisha.

Hatua za kufuata

*Hatua ya 1: Kuomba ruhusa.* Wasalimuni mganga mkuu wa zoni ya afya, mkuu wa shule, shefu wa mtaa na kamati ya wakimbizi. Waelezeni kazi kwa maneno mafupi. Kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18, mzazi au mlezi akubali kwanza. Chuo kikuu kikishiriki, kamati yake ya maadili isome mpango kabla ya kuanza.

*Hatua ya 2: Kuchagua jambo moja.* Msichukue "afya" yote. Chagueni jambo kama kuharisha kwa watoto, chanjo, maji ya kunywa, au mazishi salama.

*Hatua ya 3: Kuunda kundi la wajibuji.* Watu 20 hadi 30 wanatosha. Wawemo wenyeji na wakimbizi, wanawake na wanaume, wazee na vijana, muuguzi, mwalimu, kiongozi wa dini, mwendesha moto, mama wa soko. Wanafunzi wawemo pia kama wajibuji, na si kama waandishi tu.

*Hatua ya 4: Duru ya kwanza.* Ulizeni maswali matatu au manne yaliyo wazi. Kwa mfano: "Mtoto akiharisha usiku, nyumbani kwenu mnafanya nini kwanza?" "Ni neno gani la waganga hamlielewi?" "Mngependa nani awafundishe, na wapi?" Wanafunzi waende wawili wawili, mmoja mwenyeji na mmoja mkimbizi. Waandike jibu kama lilivyosemwa, bila kulipamba.

*Hatua ya 5: Kupanga majibu.* Wanafunzi na mwalimu wanakaa pamoja na kuweka majibu yanayofanana mahali pamoja. Kutoka hapo wanaandika sentensi fupi 10 hadi 15, kila moja ikiwa na wazo moja.

*Hatua ya 6: Duru ya pili na ya tatu.* Kila mjibuji anaipa kila sentensi alama, kuanzia 1 (nakataa kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa), na anaeleza sababu. Asiyesoma atumie mawe au punje za maharagwe. Katika duru ya tatu anaambiwa kundi lilijibu vipi, na anajibu tena.

*Hatua ya 7: Barza ya mwisho.* Matokeo yanasomwa mbele ya wote. Yaliyopatana yanaandikwa kuwa mafundisho. Yasiyopatana yanaandikwa pia, na yanapewa tarehe ya kurudiwa.

Kuhesabu mapatano: zoezi

Kabla ya kuanza, pataneni juu ya kipimo. Wengi huchukua robo tatu ya wajibuji, yaani 75 kwa mia. Hesabu ifuatayo si ya mahali popote, tumeitunga kwa mazoezi tu.

Kundi lina wajibuji 24: wenyeji 16 na wakimbizi 8. Sentensi inasema: "Mafundisho ya kuharisha yatolewe na mama jirani wa mtaa aliyefundishwa na kituo cha afya." Katika duru ya pili watu 19 wanakubali. Robo tatu ya 24 ni 18, kwa hiyo inaonekana wamepatana.

Sasa tazameni tena. Wenyeji waliokubali ni 16 kati ya 16. Wakimbizi waliokubali ni 3 kati ya 8. Wakimbizi watano wamekataa, na sababu walizoandika zinafanana: mama jirani ndiye mwenye nyumba, au ni ndugu wa mwenye nyumba. Wanaogopa kwamba akiona mtoto wao anaharisha, watafukuzwa.

Tungehesabu jumla peke yake, tungeanzisha mafundisho ambayo familia za wakimbizi zingeyakimbia, na mtoto anayeharisha angefichwa. Ndiyo maana tunashauri sheria hii: *sentensi haijapatana mpaka ipite kipimo katika kila upande.* Wachache wakimezwa na wengi, ugomvi umesogezwa mbele tu.

Katika duru ya tatu sentensi inabadilishwa: "Mafundisho yatolewe na mama wawili pamoja, mwenyeji mmoja na mkimbizi mmoja, na mwenye nyumba asimfukuze mtu kwa sababu ya ugonjwa." Wanakubali wenyeji 15 kati ya 16, na wakimbizi 7 kati ya 8. Hapo kuna mapatano. Tena, pamoja na fundisho la afya, kundi limepata ahadi ya amani kati ya mwenye nyumba na mpangaji.

Yanayopigiwa kura na yasiyopigiwa kura

Hapa viongozi wawe macho. Kwamba Ebola inaambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au maiti, hilo halipigiwi kura. Hata kijiji kizima kikikataa, virusi havisikii. Kazi ya kundi ni kupatana juu ya mambo haya:

- nini kielezwe kwanza;
- kwa maneno gani na kwa lugha gani;
- nani aeleze, mahali gani na saa gani;
- kitu gani kinawazuia watu kufuata, na nani atakiondoa.

Tuchukue mfano wa maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, pale ambapo pakiti za kituo cha afya hazipo. Kipimo kinajulikana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kipimo hicho hakibadilishwi na mtu yeyote. Lakini je, lita moja nyumbani ni ipi? Familia nyingi hazina chombo cha lita. Wengine wana chupa kubwa ya bia, na kwetu chupa hiyo ina sentilita 72 tu. Mama akiichukua kuwa ni lita, maji ya mtoto yatakuwa na chumvi kupita kiasi na yanaweza kumdhuru. Wengine wana chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, au kopo la bati walilopewa katika mgao.

Mganga aliyeandika fundisho katika mji mkuu hawezi kujua ni chombo gani kipo katika nyumba ya mkimbizi huko Mutwanga. Mwanafunzi anayekaa nyumba hiyo anajua. Kundi linapatana juu ya chombo, muuguzi anapima lita kamili na kuweka alama kwa msumari, na fundisho linaandikwa upya likionyesha alama ile. Mganga ametoa kipimo, wananchi wametoa chombo, na mtoto amepata maji yanayomfaa. Mafundisho pia yakumbushe kwamba mtoto anayeharisha sana, anayetoa damu, au asiyeweza kunywa apelekwe haraka kituo cha afya.

Mambo ya kujihadhari

*Usalama.* Wanafunzi wasiulize lolote juu ya watu wenye silaha, njia za askari au mali ya mtu. Wasichore ramani ya kambi. Wasitembee siku ya "mji mfu", na warudi nyumbani jua likiwa juu bado. Habari za usalama zikibadilika, kazi isimame.

*Siri.* Karatasi iwe na namba, isiwe na jina. Zikishahesabiwa, zitunzwe mahali penye kufuli. Mwanafunzi anayesema sokoni aliyoyasikia nyumbani kwa mtu aondolewe katika kazi.

*Pesa.* Semeni mapema, mbele ya wote, nani analipia kazi na anayeshiriki atapata nini, kama ni nauli, sabuni au chai. Tumeona jinsi pesa zisizoelezwa zinavyozaa maneno mabaya.

*Ahadi.* Utafiti huu si kuandikisha watu kwa ajili ya msaada. Mwambieni hivyo kila mjibuji kabla hajajibu, asije akatoa jibu analofikiri litamletea turubai.

*Masomo.* Kazi isimtoe mwanafunzi darasani wakati wa mitihani, na msichana asitumwe peke yake.

Baada ya mapatano

Kazi nyingi hufia hapa. Wajibuji wametoa muda wao mara tatu, kisha hawasikii neno tena. Safari nyingine mkija kuuliza, watafunga mlango.

Kwa hiyo, ndani ya mwezi mmoja, andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi na kwa Kinande, na wakimbizi wanaosema lugha nyingine wasomewe kwa lugha yao. Ukurasa huo useme tumepatana nini, hatujapatana nini, nani atafanya nini, na lini tutakutana tena. Nakala moja iende kwa mganga mkuu wa zoni ya afya, moja shuleni, moja kwa kamati ya wakimbizi. Redio za hapa kwetu zinaweza kuusoma.

Kisha rudieni maswali machache baada ya miezi sita. Katika miji yetu watu wanahama na kurudi. Mwaka 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mwishoni mwa Juni, familia nyingi zilikimbilia upande wa Lubero na Butembo, na mtaa uliokuwa na wenyeji wengi ukajaa wageni kwa siku chache. Mapatano yaliyofanywa kabla wageni hawajafika si mapatano yao. Ebola nayo ilirudi Butembo Februari 2021 na Beni Oktoba 2021, ikakomeshwa mapema mara zote mbili. Kundi lililokwisha kuzoea kuulizana linaweza kukutana kesho yake tangazo la ugonjwa linapotoka, bila kungoja magari ya wageni.

Maswali ya kujadiliana

1. Wakati wa Ebola, ni fundisho gani mlilikataa au mliona watu wakilikataa? Sababu ilikuwa fundisho lenyewe, aliyelileta, au namna alivyolileta?
2. Katika mikutano ya mtaa wenu, nani hunyamaza? Ananyamaza kwa kukubali au kwa kuogopa?
3. Tazameni tena zoezi la watu 24. Mngekuwa viongozi, mngekubali matokeo ya duru ya pili? Kwa nini?
4. Ni jambo gani moja la afya ambalo wenyeji na wakimbizi wa hapa hawajapatana juu yake?
5. Pimeni lita moja kwenye kituo cha afya. Katika nyumba zenu, ni chombo gani kinachofaa kuwekwa alama?
6. Ni wanafunzi gani, wa shule gani, mnaweza kuwaomba waanze kazi hii? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wao, na siku gani?